Kilima ni cha Nani? Majira ya Baridi Katika Vituo Vidogo vya Skii vya Maine

Jamaa zangu wa Moshi wanaposikia kwamba kila majira ya baridi nafanya kazi za jioni katika kituo cha skii (mchezo wa kuteremka mlima kwa kuteleza juu ya theluji) huko Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, huuliza kwanza urefu wa mlima. Siwalaumu, kwa kuwa aliyekulia chini ya Kibo huamini kwamba palipo na theluji lazima pawe na kimo. Huwaeleza kwamba Lost Valley, kituo kilichopo Auburn, ng'ambo ya mto Androscoggin kutoka mji wa Lewiston ninakoishi, kina mita zipatazo 73 tu kutoka chini hadi juu, na kwamba lifti yake, yaani viti vinavyoning'inia kwenye waya, humfikisha mtu kileleni kabla hajamaliza kufunga vifungo vya koti. Hucheka, na mazungumzo huishia hapo. Lakini tangu nianze kazi hii nimeona kwamba urefu hueleza machache kuliko vipimo vyote. Swali ambalo mimi huuliza kwanza ninapofika kwenye kituo nisichokijua ni jingine: kilima hiki ni cha nani? Mvua ya Januari huwanyeshea wote sawasawa, na yatakayofuata baada ya msimu mbaya huamuliwa na aina ya mwenye mali.

Mchana mimi ni mkalimani wa Kiswahili, hasa shuleni, kwa ajili ya familia zilizotoka mashariki mwa Kongo na Burundi ambazo zimehamia miji ya Lewiston na Portland. Kazi ya kilimani niliianza kwa sababu ya fedha. Kituo chenyewe sitakitaja, kwa sababu wenye nacho ni watu binafsi na mambo yao hayajatulia. Inatosha kusema kwamba kipo magharibi mwa Maine, kina lifti mbili za viti, taa za kuchezea usiku, jumba la mbao lenye jiko na meko, na bwawa.

Bwawa hilo ndilo lililonifundisha mengi. Mgeni hudhani kwamba kituo cha skii huuza theluji iliyoanguka kutoka mbinguni, na pengine zamani ilikuwa hivyo, lakini katika eneo hili ambako mvua na baridi hupokezana tangu Novemba hadi Aprili, theluji ya kutegemewa ni ile inayotengenezwa. Lost Valley yenyewe ilianzishwa mwaka 1961 na mkulima wa matufaha, Otto Wallingford, ambaye alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo katika jimbo hili kutengeneza theluji kwa mashine, na ambaye pia alibuni zana ya kukokotwa iliyosaga barafu ya juu ya njia ikarudi kuwa unga. Siku hizi karibu kila kituo kina mabomba yaliyopanda kilimani, na mwisho wa mabomba hayo kuna mizinga ya theluji. Maji husukumwa na pampu kutoka bwawani, hewa hubanwa na kompresa, na viwili hivyo vinapokutana kwenye mdomo wa mzinga, maji hupasuka kuwa matone madogo mno yanayoganda kabla ya kutua.

Nilipopewa zamu ya usiku ya kazi hiyo nilidhani kwamba kinachohitajika ni baridi basi. Wenzangu wakanionyesha kipimajoto cha pili, kilichozungushiwa kitambaa kilicholowa, na hicho ndicho walichokifuata. Hewa kavu hufyonza unyevu wa matone na kuyapoza zaidi, ilhali hewa yenye unyevu mwingi huyaacha yaanguke yakiwa bado maji. Kwa hiyo usiku wa nyuzi sifuri wenye hewa kavu unaweza kufaa kuliko usiku wa nyuzi moja chini ya sifuri wenye ukungu. Kwa kipimo cha kitambaa, kazi huanza karibu na nyuzi 2 za Selsiasi chini ya sifuri, na huwa ya maana hasa inaposhuka hadi nyuzi 7 au 8. Kupima ubora wa kinachotoka hakuhitaji chombo: mtu husimama mbele ya mzinga, akanyoosha mkono, akatazama yanayotua kwenye mkono wa koti lake. Chembe zikidunda na kudondoka, theluji ni kavu na kazi iendelee. Zikinata, maji yapunguzwe. Nimesimama hivyo mara nyingi saa tisa za usiku, masikio yamezibwa kwa ajili ya makelele ya kompresa, nikishangaa kwamba biashara ya watu wote wale inategemea mkono wa koti.

Maji yenyewe ni mengi kuliko mtu anavyofikiri. Kufunika ekari moja kwa kina cha sentimita 30 huhitaji maji yanayokaribia lita laki sita, na kilima chenye bwawa dogo kinaweza kumaliza maji wakati baridi nzuri bado ipo, jambo linaloumiza kuliko joto lenyewe. Ndiyo maana wazee wa kazi hii wakifika kwenye kituo kigeni huenda kwanza kutazama bwawa, kisha nyumba ya pampu, na kilele hukitazama mwisho au hawakitazami kabisa. Theluji ya mashine ni nzito na hushikana, hivyo huchelewa kuyeyuka, na matabaka yaliyowekwa mwanzoni mwa Desemba ndiyo yanayobeba msimu mzima hadi Machi. Saa za baridi za mwanzo ndizo mtaji. Ukizikosa kwa sababu pampu imeharibika, au kwa sababu mwenye kituo aliogopa bili ya umeme na kusubiri wiki moja, huwezi kuzinunua baadaye kwa bei yoyote.

Haraka hiyo ina sababu ya kalenda. Mapato ya kituo kidogo hayagawanyiki sawasawa katika msimu. Hukusanyika katika wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya, mwisho wa juma wa sikukuu ya Martin Luther King mwezi Januari, na wiki ya likizo ya shule mwezi Februari. Tarehe 18 Desemba 2023 dhoruba ya mvua na upepo mkali ilipita Maine na Vermont, mito ya Kennebec na Androscoggin ikafurika, barabara zikakatika, na mamia ya maelfu ya wateja wa umeme wakakaa gizani. Kilimani kwetu kazi ya usiku wa majuma kadhaa iliteremka bondeni ikiwa maji ya rangi ya udongo, siku chache tu kabla ya watoto kufunga shule. Vituo vikubwa navyo viliathirika vibaya, lakini kituo kikubwa kina pampu za kurudishia haraka kilichopotea, na kina kampuni mama yenye milima mingine ambako siku hiyo hakukunyesha. Sisi tulikuwa na bwawa lililojaa matope na mkopo wa benki.

Hapo ndipo swali la mwenye mali liliponijia kwa nguvu. Kituo chetu ni cha familia, na familia ina uwezo wa jambo moja ambalo kampuni haina: inaweza kufanya kazi bila kujilipa. Mwaka ule wenye kituo walikata mishahara yao wenyewe, yeye bwana akaendesha mashine ya kusawazisha theluji usiku na bibi akauza tiketi mchana, na tukafika Machi. Lakini uwezo huo una kikomo kinachojulikana, nacho ni umri. Watoto wao wana kazi Boston na hawana hamu ya kurithi kompresa. Vituo vingi vya eneo hili vilivyokufa havikufa kwa ukosefu wa theluji peke yake. Vilikufa siku mzee alipochoka.

Na vilivyokufa ni vingi. Kamba ya kwanza ya kuwavuta wachezaji kupanda kilima nchini Marekani ilifungwa Januari 1934 katika shamba la Clinton Gilbert, karibu na Woodstock, Vermont, ikaendeshwa na injini ya gari la Ford Model T, na baada ya hapo mashamba na miji kwa mamia katika majimbo haya yalijifungia kamba zao. Ukipita leo misituni Maine utaona mistari ya miti michanga katikati ya miti mikubwa. Hizo zilikuwa njia za kuteremkia. Barabara kuu ziliwapeleka watu kwenye milima mirefu zaidi, mafuta yakapanda bei miaka ya 1970, na kisha ikaja bima.

Juu ya bima nilifundishwa na mama mmoja kutoka Bukavu. Shule ya mwanawe ilikuwa na utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi kilimani baada ya masomo, na mimi nilikuwa namfasiria karatasi ya idhini ya mzazi, yenye maandishi madogo ya kurasa mbili. Alinisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza, "Papa, huyu mtoto akivunjika mguu, nani atalipa?" Niliinama tena kwenye karatasi nikatafuta jibu, na jibu kwa ufupi lilikuwa kwamba mzazi anakubali kuwa mchezo wenyewe una hatari zake na kituo hakibebi zile hatari za asili. Alitaka kujua nani aliamua hivyo. Ilinibidi nirudi nyumbani nikasome.

Mwaka 1974 mchezaji kijana aitwaye James Sunday alianguka katika kituo cha Stratton, Vermont, baada ya ski yake (ubao mrefu mwembamba unaofungwa mguuni) kunasa kwenye kichaka kilichofichwa na theluji, akapooza. Mwaka 1977 baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya dola milioni 1.5, na mahakama ya juu ya jimbo ikaithibitisha mwaka uliofuata. Gharama za bima zikapanda, Vermont ikatunga sheria ya kuwabebesha wachezaji hatari za asili za mchezo, na majimbo mengine yakawa na sheria zinazofanana nayo. Mlima mkubwa uliweza kulipa bima mpya. Mkulima mwenye kamba moja nyuma ya zizi hakuweza, akaifungua kamba akaiweka ghalani. Mama yule nilipompelekea maelezo hayo alisema kwamba angalau sasa anajua anachokitia sahihi, akakitia. Mtoto hajavunjika kitu hadi leo, na mwaka huu anafundisha wadogo zake.

Nikirudi kwenye umiliki, nimepata bahati ya kutembelea vituo vya namna mbalimbali, nikitumia siku zangu za mapumziko jinsi wengine wanavyozuru makumbusho. Camden Snow Bowl, kilichopo pwani ya Maine kwenye mlima ambao ukisimama juu yake unaona ghuba ya Penobscot, ni mali ya mji, na bajeti yake hujadiliwa na wananchi pamoja na bajeti ya barabara. Hilo lina kero zake, maana asiyeteleza ana haki ya kuuliza kwa nini kodi yake inunue pampu, na huuliza kwa sauti. Lakini nimeona kwamba swali linaloulizwa hadharani kila mwaka humlazimisha msimamizi kuwa na jibu, na kituo chenye jibu hakifungwi kimyakimya. Farmington, mji ambao kijana wake Chester Greenwood alibuni vifuniko vya masikio mwaka 1873 (na baada ya usiku mmoja kwenye mzinga wa theluji nilielewa kwa nini ilikuwa lazima avibuni hapa), una kilima cha Titcomb kinachomilikiwa na klabu ya wachezaji wenyewe. Huko kazi nyingi hufanywa kwa msaragambo: vichaka hufyekwa Septemba, vifaa vilivyotumika huuzwa Novemba ili kupata fedha za klabu, na wazazi hupokezana jikoni.

Watu huusifu mno utaratibu huo, na mimi pia huusifu, lakini nina neno la tahadhari. Kazi ya kujitolea si ya bure; hulipwa kwa uchovu, na karibu kila mahali nilipoitazama nimekuta kwamba jina la klabu nzima limebebwa na mabega ya watu wachache walewale. Mmoja wao akihama, anahama na ujuzi wa mahali bomba lilipozikwa. Klabu zinazodumu ni zile zinazoandika mambo hayo kwenye daftari na kumlipa angalau fundi mmoja.

Mfano unaonivutia zaidi upo Vermont. Mad River Glen ni mlima wa wastani, si kilima, wenye mita zipatazo 610 kutoka chini hadi kileleni, uliofunguliwa mwaka 1948 ukiwa na lifti ya kiti kimoja kimoja. Mwenye mlima, Betsy Pratt, aliuuza mwaka 1995 kwa ushirika wa wachezaji walionunua hisa, na tangu hapo wanahisa ndio wanaoamua. Lifti ilipochakaa, ushirika ulikuwa na nafasi ya kuweka mpya ya viti zaidi. Wakachagua kuikarabati ile ya zamani mwaka 2007 ibaki na kiti kimoja, ingawa hubeba watu wachache kwa saa. Mwanzoni niliona ni ukaidi wa watu wenye nafasi. Baadaye nilielewa hesabu iliyomo: lifti inayopandisha watu wachache huweka watu wachache kwenye njia, theluji ya asili hudumu, na mlima huo hutengeneza theluji kidogo sana. Kampuni inayodaiwa faida ya kila robo mwaka isingeweza kufikia uamuzi huo hata kama ingeuelewa. Bado ubao wa theluji, ule mmoja unaosimamiwa kwa miguu yote miwili, umepigwa marufuku huko, wanaruhusu skii peke yake, na hapo mimi na ushirika hatukubaliani.

Kinyume chake ni Saddleback, karibu na mji wa Rangeley, mlima mzuri wenye umiliki wa familia uliosimama mwaka 2015 kwa sababu lifti kuu ilihitaji kubadilishwa na fedha hazikupatikana. Mwaka 2017 kampuni ya Australia ilitangaza kuununua, na mauzo hayakukamilika. Misimu mitano ilipita. Watu wa Rangeley walinieleza jinsi hoteli ilivyopunguza wafanyakazi, kisha mkahawa, kisha shule ikaona madawati yakipungua. Mwanzoni mwa 2020 mfuko wa uwekezaji wa Arctaris uliununua, ukaweka lifti mpya, na Desemba mwaka huo mlima ukafunguliwa tena. Mlima wenye ukubwa ule unaweza kumsubiri mwekezaji. Kilima cha mita mia moja hakina anayekuja kutoka mbali kukinunua, na kama majirani hawakukiokoa katika msimu wa kwanza wa kufungwa, miti huanza kuota.

Kwamba udogo si udhaifu katika mchezo wenyewe, hilo halihitaji hoja ndefu. Mwaka 1961 Mickey na Ginny Cochran walifunga kamba nyuma ya nyumba yao huko Richmond, Vermont, ili watoto wao wafanye mazoezi baada ya shule. Mwaka 1972, katika Olimpiki ya Sapporo, binti yao Barbara Ann alishinda medali ya dhahabu ya slalomu (mbio za kuteremka kwa kupindapinda kati ya vijiti) kwa tofauti ya sekunde 0.02, na mwanawe, Ryan Cochran-Siegle, akapata medali ya fedha Beijing mwaka 2022. Kituo kipo hadi leo, kikiwa shirika lisilo la faida. Sababu ni rahisi: kilima kifupi chenye lifti ya haraka humwezesha mtoto kuteremka mara nyingi kwa jioni moja, na ustadi hujengwa kwa kurudia. Watoto wetu wa Lewiston wanaokuja chini ya taa saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia, huteremka njia ileile hadi inawachosha, na ndiyo shule yenyewe.

Gharama ndiyo inayowazuia wengi wao, nayo imebadilika sura. Kwenye milima mikubwa ya magharibi mwa nchi, tiketi ya siku dirishani hupita dola 200, kwa makusudi, ili mteja anunue mapema pasi ya msimu inayofungua milima mingi: Epic ilianza mwaka 2008, Ikon mwaka 2018. Vituo huru vilijibu mwaka 2019 kwa Indy, pasi inayompa mwenye nayo siku mbili katika kila kituo kilichomo. Kampuni inayoimiliki Indy ndiyo iliyojitokeza mwaka 2023 kuendesha Black Mountain ya Jackson, New Hampshire, wenye mlima waliposema hawatafungua msimu ule. Kwetu pasi hizo zimeleta wageni wa Jumamosi, lakini hazilipi pampu. Kinacholipa pampu ni pasi ya msimu ya kituo chenyewe, hasa inayouzwa Aprili na Mei wakati theluji bado haijaisha vivulini, kwa sababu fedha hiyo huingia miezi ambayo kituo hakiuzi kitu na mafundi wanatakiwa kulipwa.

Kwa hiyo kila Aprili huwapigia simu wazazi wanaozungumza Kiswahili kuwaeleza mambo matatu ambayo karatasi za kituo huyaeleza kwa Kiingereza kigumu: kwamba bei ya sasa ni ya chini kuliko itakavyokuwa Oktoba, kwamba wanaweza kulipa kwa awamu, na kwamba viatu na ski za mtoto hukodishwa kwa msimu mzima na kubadilishwa mguu ukikua. Mwaka huu wenye kituo wamekubali kuzungumza na kamati ya wazazi na halmashauri ya mji juu ya kukiuza kilima kwa ushirika. Kamati imeomba kwanza kuona daftari la bwawa, yaani kina chake kila mwezi na saa za pampu, kabla ya kuona hesabu za benki. Nimeombwa nilitafsiri daftari hilo kwa Kiswahili na Kifaransa kwa ajili ya wanakamati wapya, na nimefika ukurasa wa Februari.